Mpaka Kwanza, Idadi Baadaye: Kusoma Umbo la Jedwali la Sensa ya Nairobi

Makala za ensaiklopidia kuhusu miji midogo ya Marekani zina mpangilio ambao msomaji huujua baada ya kusoma mbili tu. Kwanza huja mahali: mji uko kaunti gani, eneo lake ni kubwa kiasi gani, nchi kavu ni ngapi na maji ni ngapi. Hufuata historia: nani aliuanzisha, reli ilifika lini. Kisha idadi ya watu. Umbo hili limekakamaa hata mwaka 2002 programu moja ya kompyuta iliweza kuandika makala takribani 30,000 za miji ya Marekani katika Wikipedia, ikichukua takwimu za sensa ya 2000 na kuzitia katika sentensi zilezile. Sentensi ilibaki ileile, jina la mji likabadilika.

Umbo hilo linatendaje kazi likiletwa Jamhuri, mtaa ulio kando ya Barabara ya Ngong, jirani na Kibera? Matini yaliyo karibu nalo zaidi hapa kwetu ni juzuu ya pili ya ripoti ya sensa ya 2019, iliyotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Juzuu hiyo ni majedwali matupu, na majedwali nayo yana mtindo wake wa kusimulia.

Jicho hushuka kwa ngazi: kaunti, kaunti ndogo, tarafa, lokesheni, lokesheni ndogo. Ni ngazi za utawala, za kamishna na chifu. Mtaa haumo katika ngazi hizo. Mkazi wa Jamhuri akiulizwa anaishi wapi hutaja mtaa, pengine na steji anayoshukia matatu, lakini jedwali halimsikii hapo. Humsikia pale chifu anapomtawala. Hata kura haifuati mgawanyo huu. Nairobi ina maeneo bunge 17, jedwali linaigawa katika kaunti ndogo 11.

Kisha jicho huenda kulia, kutoka idadi ya watu hadi kaya, eneo na msongamano. Safu ya msongamano ndiyo yenye mvuto na ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi, kwa kuwa inazaliwa na mgawanyo wa hesabu: watu kwa kilomita za mraba. Kaunti ndogo ya Lang'ata ina watu 197,489 katika kilomita za mraba 216.8, yaani watu 911 kwa kila kilomita. Anayesoma safu hiyo peke yake ataona kitongoji cha watu wachache wanaoishi kwa nafasi. Lakini ndani ya eneo hilo imo Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117 hivi, wanakokaa simba na vifaru. Itoe hifadhi, na msongamano unazidi maradufu bila mtu mmoja kuhama. Kaunti ndogo ya Kibra, ambamo Kibera imo, nayo ina watu 185,777 katika kilomita za mraba 12.1, wastani wa 15,311. Wastani huo unaichanganya Laini Saba, yenye vyumba vya mabati vilivyobanana, na Woodley, yenye nyumba za mawe na nyua. Namba 15,311 haiielezi Laini Saba wala Woodley.

Hata hivyo silibezi jedwali. Kwa miaka mingi ilisemwa ndani na nje ya nchi kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu takribani 170,000. Wengi walikasirika, nami naelewa kwa nini: idadi ndogo ilionekana kama kupunguza shida ya watu. Lakini ile milioni ilikuwa idadi isiyo na mpaka, na namba ya namna hiyo haiwezi kupingwa wala kuthibitishwa. Jedwali angalau hukuonyesha mstari, ukaweza kuuliza nani aliuchora.

Jambo jingine limejificha katika kitenzi. Sensa ya Kenya huhesabu aliyelala: mwaka 2019 ilikuwa usiku wa Agosti 24 kuamkia 25. Marekani humhesabu mtu mahali anapoishi kwa kawaida. Lakini njia zote mbili huuacha nje mji wa mchana. Dada anayefua na kupika Jamhuri kutwa nzima, kisha jioni akarudi Makina, kule Kibera, ni wa Makina tu. Jedwali linatupa Nairobi ya usiku, milango ikiwa imefungwa. Nairobi ya saa nne asubuhi, yenye watu waliopanda Ngong Road kwa miguu kwenda vibaruani, haina safu.

Udhaifu mkubwa wa umbo, kwa maoni yangu, uko pale linapotenga historia na idadi kana kwamba ni sura mbili. Historia ya Nairobi huanzishwa na reli ya mwaka 1899, ingawa jina lenyewe la Kimaasai ni ushahidi wa waliotangulia. Na kuhesabu kwenyewe kuna historia. Kabla ya 1948 hapakuwa na sensa kamili ya Waafrika nchini. Hata mwaka huo zilifanyika mbili, ya Februari kwa wasio Waafrika na ya Agosti kwa Waafrika. Watu 118,976 wa Nairobi ya 1948 wanasomeka leo kama namba moja, ilhali ni wa mji uliohesabiwa kwa rangi, mara mbili zilizopishana kwa miezi sita.

Eneo nalo lina historia. Askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles walianza kupewa makazi Kibera mwaka 1904. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi eka 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimiliki ya eka 288. Kati ya tarakimu hizo mbili imejengwa mitaa, imepita barabara, na vizazi vizima vimeishi bila karatasi. Jedwali la 2019 linaonyesha kilomita 12.1 za Kibra kana kwamba zilishuka na mvua. Safu ya eneo haina tarehe.

Mwandishi yeyote anayetaka kuandika habari za Jamhuri, Woodley au Makina, na aanze na mpaka: ulichorwa mwaka gani, kwa amri ya nani, na nani aliachwa nje. Idadi ya watu aiweke ndani ya simulizi hiyo. Nalo shirika la takwimu, kabla ya sensa inayotarajiwa 2029, naliomba liupe mtaa ngazi yake katika juzuu ya pili.