Pini, Pamba na Herufi Tano

Milima ya Gishubi, mkoani Gitega, haimsamehe aliyeteleza. Huyu kaanguka kutoka juu ya mparachichi. Yule breki za baiskeli zimemkatikia mteremkoni, na mzigo wa ndizi uko nyuma yake. Eksirei itaonyesha pingili iliyovunjika. Haitaonyesha ugwe wa neva uliomo ndani umenusurika kiasi gani. Hilo hutafutwa kwa mikono, na sijaona kazi ya hospitalini inayonivutia kuliko hiyo.

Vifaa ni pini na pamba. Mgonjwa analala chali, hatazami. Mpimaji humgusa shavuni kwanza ili ajue mguso wa kawaida ukoje, kisha huteremka: bega, vidole, usawa wa chuchu, kitovu, goti, kisigino. Ni maeneo 28 kila upande, na kila eneo hupewa 0, 1 au 2, kwa pamba na kwa pini. Kwenye pini haulizi tu kama anahisi. Huuliza: kali au butu? Anayehisi asiweze kutofautisha hupata sifuri.

Inafuata misuli 10 kila upande, alama 0 hadi 5. Anayepata 3 ameweza kuinua kiungo dhidi ya uzito wa kiungo chenyewe. Kwenye 1 hakuna kinachosogea. Ni kidole au jicho la mpimaji tu linalonasa mtikisiko wa msuli. Hapo ndipo fundi hujulikana, maana mwili ni mjanja: kiwiko kikishindwa kujikunjua, bega hukirusha, na asiye makini huandika nguvu isiyokuwepo.

Mwisho ni njia ya haja kubwa. Wengi huona haya, wakaruka. Kumbe hukumu nzima, herufi moja kati ya tano, inategemea hapo! Pasipo hisia wala mkazo wa hiari hapo, ni A, jeraha kamili. Hisia ikibaki bila mwendo, ni B. C ina mwendo, lakini zaidi ya nusu ya misuli iliyo chini ya jeraha haifiki 3. D, angalau nusu imefika. E ni aliyerudi kawaida.

Mzizi wa herufi hizi ni ngazi ya Frankel na wenzake wa Stoke Mandeville, Uingereza, ya 1969. Wataalamu wa Marekani waliinoa 1992. Watafiti wa taasisi ya mifupa ya Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, huandika kwa herufi hizo hizo, hivyo D ya Muhimbili inasomeka Gitega. Saa za mwanzo ugwe huweza kuzimika kwa mshtuko na kudanganya, kwa hiyo mpimaji mwema hurudia baada ya siku tatu, kwa utaratibu uleule.

Nawe unayemkuta aliyeanguka: usimkalishe, usimbebe mgongoni, wala usimkunje ndani ya machela inayolegea. Ita watu, shikeni kichwa na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja, mmlaze juu ya ubao. Herufi inaweza kushuka njiani, kabla pini haijatolewa.