Swali la Mwalimu na Jibu la Mwanafunzi: Tafakari juu ya Kazi ya Mradi Iliyofanyika Bagamoyo

1. Utangulizi

Katika masomo ya Historia ya Kanisa chuoni petu, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu hupewa kazi ya mradi ya kufanya wakati wa likizo. Husoma vitabu alivyopangiwa, huenda mahali palipotajwa, kisha huandika tafakari zake. Mmoja wao alitumwa Bagamoyo. Alirudi na kurasa thelathini na mbili zilizoandikwa kwa mkono safi, akazikabidhi siku aliyoagizwa, akapata alama nzuri.

Tumeona vema kuzijadili kurasa hizo hapa, wala si kwa nia ya kumwaibisha, na kwa sababu hiyo jina lake hatulitaji. Tunazijadili kwa kuwa zinatuhusu sisi sote tunaofundisha na kufundishwa katika vyuo vya Kanisa. Baada ya kuzisoma mara ya pili tulitambua kwamba kosa kubwa lililomo halikuwa la mwanafunzi. Lilikuwa katika swali tulilompa. Swali lenyewe lilikuwa hili: “Eleza jinsi Injili ilivyowaletea uhuru watumwa wa pwani.”

2. Vitabu vilivyopangwa

Vitabu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 na Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam na baadaye mwalimu wa Kiswahili Berlin. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu Mwislamu mwenyeji wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake. Cha pili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa London mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, mzaliwa wa Freretown, makao ya walioachwa huru yaliyoanzishwa na misioni ya Kianglikana karibu na Mombasa mwaka 1875. Kwa miaka mingi kitabu chake kilisomwa mashuleni, na wazee wengi wa leo walikutana nacho darasani kabla ya kukutana na kitabu kingine chochote cha historia.

Mtu akivitazama vitabu hivi kwa makini ataona kwamba vyote viwili vinafanana na kazi ya mwanafunzi wetu. Mtoro aliandika akiombwa: Velten alitaka habari za kuzaliwa, za jando na unyago, za ndoa, za ngoma, za pepo, za madeni, za watumwa, za mazishi, na Mtoro akajibu sura kwa sura. Mbotela naye aliandika akiwa mwalimu aliyelelewa na misioni, kwa ajili ya wasomaji waliotazamiwa kuishukuru Uingereza, na shukrani hiyo imejaa katika kitabu chake kiasi kwamba Waarabu wanabaki kuwa waovu tu, na mabaharia wa Kiingereza waokozi tu. Hatusemi kwamba aliyoyaeleza ni uongo. Baba yake alikuwa mtumwa kweli, na mwana ana haki ya kumshukuru aliyemfungua baba yake. Tunasema kwamba kila jibu hubeba umbo la swali, kama uji unavyochukua umbo la bakuli.

3. Tafakari za mwanafunzi

Tuanze na yaliyo mema. Mwanafunzi amesoma sura ya Mtoro juu ya chuo cha Kurani kwa jicho la upole. Anamwona mtoto anayekaririshwa maneno asiyoyafahamu bado, na mzazi anayemkabidhi mwanawe kwa mwalimu kwa heshima kubwa, kisha anakumbuka darasa la kipaimara alilokaa yeye mwenyewe akikariri Katekisimo Ndogo. Hapo ameandika kama mchungaji. Ni jambo la thamani kwa kijana ambaye mwakani atapangiwa mtaa na kukaa ukuta kwa ukuta na majirani Waislamu, ambao watoto wao watapita mlangoni pake kila alasiri wakienda madrasa.

Lakini afikapo kwenye utumwa, upole humtoka. Anaeleza kwamba jina la Bagamoyo latokana na kilio cha watumwa walioibwaga mioyo yao pwani kabla ya kupandishwa majahazini. Hayo ndiyo wanayoambiwa wageni wengi wanaotembezwa mjini, na yanagusa moyo. Hata hivyo wanahistoria wengi huelekea maelezo mengine: ya wapagazi. Hao, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakichukua pembe za ndovu, kila mmoja mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo thelathini, kwa mwendo wa miezi ipatayo mitatu kutoka Tabora. Walipoiona bahari walitua mizigo, na moyo ukatulia. Watumwa walipita Bagamoyo, wala hapana mtu mwenye akili awezaye kukana hilo. Lakini bandari kuu ya kuwasafirisha upande wetu ilikuwa Kilwa.

Je, tofauti hiyo ina uzito wowote? Inao. Mwanafunzi akilipokea jina kwa maana ya kilio peke yake, mji mzima unageuka kuwa kaburi, na watu wake wanabaki wa aina mbili tu: wafungaji na wafungwa. Mpagazi, ambaye hakuwa huyu wala yule, anatoweka.

Kosa la pili ni la tarehe. Mwanafunzi anaandika kana kwamba utumwa ulikoma Wazungu walipotia nanga. Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani alibanwa na Waingereza kuutia sahihi. Lakini kitabu cha Mtoro kilipotoka mwaka 1903, miaka zaidi ya kumi baada ya vita vya Abushiri, utumwa ulikuwa bado halali chini ya bendera ya Ujerumani. Serikali ya Kijerumani ilitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja, ikaamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, lakini utumwa wenyewe haikuufuta. Ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo Mtoro alipoeleza tofauti ya mzalia na mtumwa aliyetoka bara karibuni, au jinsi mavazi na adabu vilivyompambanua mwungwana na mtumwa, hakuwa akisimulia mambo ya kale. Alikuwa akieleza mji wake kama alivyouacha. Kwamba anaueleza kwa utulivu wa mwungwana asiyeona ajabu, hilo lapaswa kutushtua. Mwanafunzi hakushtuka, maana alikuwa na haraka ya kufika kwenye uhuru.

Kosa la tatu ni la kunyamaza. Anaisifu misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyofika Bagamoyo mwaka 1868 na kujenga kijiji cha waliokombolewa. Sifa hiyo inastahili. Lakini habari za misioni yenyewe zaonyesha kwamba uhuru ule ulikuwa na kengele, zamu za shambani na adhabu, na kwamba baadhi ya waliokombolewa walitoroka. Mtu anayemtoroka mkombozi wake ana neno la kusema. Mwanafunzi hakumuuliza ni neno gani, kwa sababu swali letu halikumpa nafasi.

4. Ukurasa uliofutwa

Tunafika sasa kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Pamoja na kazi yake safi, mwanafunzi alitukabidhi kwa bahati mbaya daftari lake la rasimu. Humo tulikuta ukurasa mmoja uliopigwa mstari kutoka pembe hadi pembe, ambao haukuingia katika nakala ya mwisho.

Katika ukurasa huo anasimulia kwamba alasiri moja aliketi barazani kwa mzee mmoja, akamwuliza maswali yake ya utumwa kutoka karatasini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kahawa, kisha akamwuliza yeye: “Na wewe, mwanangu, kwenu ni wapi?” Kijana akajibu kwamba kwao ni upande wa Tabora. Mzee akacheka kidogo akasema: “Basi wewe si mgeni hapa. Babu zako walifika na mizigo kabla yako. Je, waliporudi walikusimulia nini?” Kijana anaandika kwamba hakuwa na jibu. Alikumbuka tu kwamba bibi yake alikuwa na wimbo wa kutwangia uliotaja bahari, ingawa bibi huyo hakuiona bahari maisha yake yote. Anamaliza hivi: “Nilikuja kuuliza habari za watu wengine, nikaulizwa habari za kwetu.”

Katika kurasa zote alizoandika, hapana mstari uufikiao huu. Hapo ndipo alipoacha kukusanya na kuanza kutafakari. Naye akaufuta.

Tulimwita, tukamwuliza kwa nini. Alijibu kwa heshima: “Mwalimu, haukujibu swali.” Tulinyamaza, maana alisema kweli. Laiti angeuacha, yamkini sisi wenyewe tungeandika pembeni kwa wino mwekundu: “Nje ya mada.” Tumekwisha kuyaandika maneno hayo mara nyingi, na sasa hatujui tumefuta kurasa ngapi za namna hiyo.

5. Historia yetu wenyewe

Kuna sababu ya pili ya kusema kwamba swali letu halikuwa jema. Lilidhani kwamba Injili na watu walioileta ni kitu kimoja. Walutheri wa pwani hii twajua mwanzo wetu. Misioni iliyofika Dar es Salaam mwaka 1887 na mmisionari Johann Jakob Greiner ilianzishwa Berlin mwaka uliotangulia, katika mazingira ya watu waliotaka koloni pamoja na Injili. Misioni hiyo iliwapokea watumwa walioachwa huru, ikawatunza Dar es Salaam na kisha Kisarawe. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na mwanafunzi wa teolojia anayefundishwa kuliona moja tu atahubiri kwa jicho moja.

Mtoro mwenyewe ni shahidi. Huko Ujerumani alimwoa mwanamke Mjerumani, na mwaka 1905 aliporudi naye, wakuu wa koloni hawakumruhusu mkewe ashuke Dar es Salaam. Wakarejea Ujerumani pamoja, naye Mtoro akafa Berlin mwaka 1927, mbali na Bagamoyo aliyoieleza vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Aliyejibu maswali yote ya Wajerumani juu ya ndoa za Waswahili alizuiwa na Wajerumani kwa sababu ya ndoa yake. Jambo hili mwanafunzi hakulitaja kabisa. Nasi pia hatukulitaja tulipompa kitabu mkononi.

Maandiko nayo yanatuonya. Katika Agano Jipya tunao waraka mmoja mzima juu ya mtumwa, yaani Waraka kwa Filemoni. Paulo anasema, Filemoni anasemeshwa, na kanisa la nyumbani mwake linasalimiwa. Onesimo anabeba barua, lakini sauti yake haimo. Tumeuhubiri waraka huo miaka mingi bila kuuliza Onesimo angeandika nini kama angepewa karatasi. Wapagazi wa Tabora nao walibeba, na hawakuandika.

6. Hitimisho

Hatupendekezi kuviacha vitabu hivi. Mtoro na Mbotela waendelee kusomwa, na tena wasomwe pamoja, maana mmoja aliandika kutoka upande wa waungwana na mwingine kutoka upande wa watumwa, na kila mmoja ameficha asichoulizwa. Tungependa pia kuongeza cha tatu: Peponi, yaani riwaya Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Humo kijana Yusuf anatolewa na wazazi wake kufidia deni la baba. Msomaji wa Mwanzo 37 atamfahamu mara moja, na jirani yake Mwislamu atamfahamu vilevile.

Wala hatupendekezi kwamba kila mwanafunzi ajisemee mwenyewe apendavyo na kuita hayo tafakari. Makosa ya tarehe ni makosa, na tumeyasahihisha. Bidii ya kusoma haina mbadala.

Tunachopendekeza ni kwamba sisi walimu tujifunze kuuliza. Bwana wetu alipoitwa na kipofu Bartimayo njiani, haja ya mtu yule ilionekana kwa kila aliyekuwa na macho. Hata hivyo alimwuliza anataka afanyiwe nini (Mk 10:51), akangoja jibu. Swali letu la Bagamoyo halikungoja. Lilikuwa na jibu lake tumboni, na mwanafunzi mtiifu alilizalisha.

Tumemrudishia kijana daftari lake na kumwomba aunakili ule ukurasa, auweke mwanzoni mwa kazi yake. Mwaka ujao swali la mradi litakuwa jingine: “Nenda Bagamoyo. Soma, sikiliza, kisha utuandikie ni nani aliyekuuliza swali, na ulimjibu nini.” Tunajua kwamba kazi hizo zitakuwa ngumu kusahihisha.