Sifa ya Saa Inayofunguka

Fundi saa huyu hukaa kwenye baraza ya duka la vitambaa Kariakoo, ubavuni mwa mlango, na meza yake haifiki upana wa dhiraa mbili. Nilipompa saa yangu aliipokea kwa mikono miwili, na kabla hajaitazama aliisogeza sikioni. Barabarani bajaji zilikuwa zikipiga honi na mchuuzi akinadi kwa kipaza sauti. Yeye alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Kisha akasema, "Inahema vizuri, ila mafuta yamekauka. Nani aliigusa mwisho?" Nikamjibu, "Hajaigusa mtu, mzee. Nimekuletea wewe." Akaitikia kwa kichwa, akavaa lenzi yake jichoni.

Saa yenyewe ni Seiko ya kuzamia, ya otomatiki, ya bei ambayo mwalimu au karani akijibana anaweza kuifikia, hasa akiipata iliyokwisha kuvaliwa. Sura yake ni ya zamani kwa makusudi. Ilitoka mwaka 2016 kufuata umbo la saa iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1988, lenye kasha nene lililovimba pembeni kama gamba, hata wapenzi wa saa wakaibandika jina la kasa. Ufunguo wake hauko katikati ya ubavu kama wa saa nyingine. Umeshushwa chini kidogo, usimchome mvaaji anapokunja kiganja.

Wengi huzinunua saa za namna hii kwa ajili ya sura hiyo, na sura ni nzuri kweli. Lakini ninachokisifu mimi kiko upande wa pili, ule unaogusa ngozi. Hapo pana mfuniko wa chuma wenye mikato, na mikato hiyo ipo ili siku moja mtu aje aufungue. Aliyeiunda saa hii alimfikiria mpiga mbizi, kisha akamfikiria fundi. Alikubali tangu mwanzo kwamba kazi yake itahitaji mkono wa mtu mwingine, katika mji asioujua, baada ya miaka asiyoweza kuihesabu.

Mfuniko ulipoachia, mzee hakuikimbilia mashine. Alitafuta kwanza mpira. Katika mfereji unaozunguka ukingo wa kasha hukaa pete ya mpira nyembamba kiasi kwamba ukiiweka mezani na feni ikawashwa, utaitafuta sakafuni. Aliinyanyua kwa kibano, akaivuta kidogo, akaigeuza upande huu na ule akitafuta ufa, kisha akaiweka kando. Akachonga kijiti cha meno, akakipitisha ndani ya mfereji mzunguko mzima, akitoa jasho na vumbi lililogeuka tope jeusi. Akachukua mpira mpya, akaupaka grisi ya silikoni kwa ncha za vidole, kiasi cha kuung'arisha tu. Akaulaza mahali pake, akaukandamiza kila upande, halafu akazunguka tena kwa lenzi kuhakikisha haujajikunja popote.

Kazi hiyo naisifu kuliko zote alizofanya siku ile, kwa sababu mfuniko ukishafungwa hakuna atakayeiona. Kila unaposhuka mita 10 baharini, unaongezewa mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu tunapokuwa pwani. Saa ya mpiga mbizi yenye kibali cha mita 200, kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 6425, hujaribiwa kwa mgandamizo unaozidi kina hicho kwa robo nzima. Chuma peke yake hakiwezi kuyazuia maji hayo. Yanazuiwa na ile pete, na pete inategemea usafi wa mfereji, na usafi wa mfereji unategemea kijiti cha meno mkononi mwa mtu asiyelipwa kwa uangalifu wake. Nimeona saa nyingi zilizofunguliwa na watu wenye haraka, mpira umebanwa, mfuniko umekwaruzwa kwa kisu, na mwenye saa anarudishiwa akiwa na furaha, mpaka mvua ya kwanza.

Saa hizi zilizaliwa katika hatari. Jean-Jacques Fiechter, aliyeiongoza Blancpain ya Uswisi, alikuwa mpiga mbizi mwenyewe, na aliwahi kuishiwa hewa chini ya maji kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1953 kampuni yake ikatoa saa iliyovaliwa na wanajeshi wa kuzamia wa Ufaransa. Ikaitwa Fifty Fathoms, yaani pima 50, takribani mita 91. Mwaka 1965 Seiko ikatoa saa ya kwanza ya kuzamia iliyotengenezwa Japani, ya mita 150, ambayo watafiti wa Kijapani walikwenda nayo hadi Antaktika. Mwaka 1967 kiwanda cha Vostok, katika mji wa Chistopol kando ya mto Kama nchini Urusi, kikatoa Amphibia, ambayo kadiri maji yanavyoigandamiza ndivyo inavyozidi kujifunga. Amphibia bado inatengenezwa, na bado ni saa ya mtu wa kipato kidogo.

Katika yote waliyoyabuni, hakuna ninachokipenda kama pete ya nje. Kabla ya kuzama, mpiga mbizi huizungusha mpaka alama ya pembetatu ikutane na mkono wa dakika. Tangu hapo hana haja ya kupiga hesabu. Anasoma tu dakika alizokaa chini. Pete ya saa yangu ina vituo 120, na kila kituo kina mlio wake mkavu. Huzunguka upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa mikono. Ikigongwa na mwamba ikasogea, itamwambia mwenyewe kwamba amekaa chini muda mrefu kuliko kweli, naye atapanda mapema, akiwa hai. Haiwezi kamwe kumwambia kwamba amekaa kidogo kuliko kweli. Aliyeipanga hivyo alijua kwamba binadamu hujigonga na vyombo hukosea, akalielekeza kosa upande usioua. Nimetafuta hekima ya namna hiyo katika vitu vingi tunavyouziwa leo, na naiona kwa nadra.

Mara ya kwanza niliizungusha pete kama hiyo nikiwa mtoto, kwenye mkono wa mjomba wangu, baharia wa meli za mizigo. Alikuwa akirudi nyumbani baada ya miezi mingi, na sisi watoto hatukuuliza ameleta nini. Tuligombea mkono wake wa kushoto. Alitunyooshea, akatuacha tuizungushe kwa zamu, na aliyejaribu kuirudisha nyuma kwa nguvu alipigwa kikofi chepesi. Usiku aliisogeza karibu na kioo cha kandili, kisha akaipunguza taa, nasi tukaingia chini ya kitanda na saa ili tuione inavyowaka kijani gizani. Tulinong'ona kule chini kana kwamba saa ingesikia.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni alivyoitunza. Akitoka kuogelea baharini, kabla hajasuuza miguu yake mwenyewe, alichota kata ya maji baridi mtungini akaisuuza saa, akaizungusha pete chini ya maji mzunguko mzima ili chumvi itoke. "Chumvi haina haraka," alikuwa akisema, "lakini haisahau." Na kila aliporudi kutoka safari ndefu aliipeleka kwa fundi, hata kama ilikuwa inakwenda sawasawa. Mke wake alinung'unika juu ya fedha hizo. Mjomba hakujibu. Alipofariki, saa ilivaliwa na mwanawe wa kwanza, anayeivaa mpaka leo.

Mzee wa Kariakoo alipomaliza mpira ndipo akaifikia mashine. Alinigeuzia saa nione. Juu kabisa kuna kipande cha chuma cha nusu duara, kizito upande mmoja, kinachoyumba kila mkono unapoyumba. Ukitembea kinayumba, ukila kinayumba, ukimpungia mtu mkono kinayumba, na kila mara kinakaza springi. Seiko ilibuni mwaka 1959 kikono kidogo chenye ndoana mbili, moja ya kusukuma na nyingine ya kuvuta, ili kila upande utakaoyumba usipotee bure. Ndani ya mashine hii kuna vito 24 vya kupunguza msuguano, na gurudumu la mizani linalopiga mara sita kila sekunde. Ukiivua na kuilaza, itaendelea kwa takribani saa 41, kisha itasimama. Haina betri. Inaishi kwa mwendo wa aliyeivaa.

Kwa kipimo cha kiwanda chenyewe inaruhusiwa kwenda mbele hadi sekunde 45 kwa siku au kubaki nyuma hadi sekunde 35. Simu ya bei rahisi kabisa inaishinda. Hilo nalijua, na bado naona kwamba usahihi si heshima pekee ambayo chombo kinaweza kuwa nayo. Saa hii hunidai kitu kila asubuhi: niivae, niisikilize, niirekebishe. Kitu kinachokudai uangalifu hukufundisha uangalifu.

Pigo la ufundi huu lilitoka katika nyumba ile ile. Tarehe 25 Desemba 1969, mjini Tokyo, Seiko ilianza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkono ya betri inayoongozwa na fuwele. Kasha lilikuwa la dhahabu na bei ilikuwa yeni 450,000, sawa na gari dogo la wakati ule. Haikuchukua muda mrefu bei zikaporomoka dunia nzima. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa karibu 90,000 mwaka 1970, ilibaki na takribani 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Huku kwetu hakuna aliyewahesabu mafundi. Walipungua baraza moja baada ya nyingine, na sehemu zao zikachukuliwa na wauza vifuniko vya simu.

Nilimuuliza mzee nani anamrithi. Akasema mwanawe anatengeneza simu mtaa wa pili. "Alikaa hapa akajifunza mpira," alisema. "Mashine hakufika." Sikumlaumu kijana, wala baba hakumlaumu. Simu huleta wateja kutwa, na saa moja ya otomatiki hula mchana mzima. Isitoshe, mashine mpya ya aina hii sasa inauzwa ikiwa kamili kwa bei ndogo kuliko ujira wa mtu anayeifungua ya zamani, akaiosha kipande kwa kipande na kuitia mafuta. Mzee mwenyewe alinipa nafasi ya kuchagua. Nilimwomba aioshe ile ile. Akafurahi, lakini alikuwa amekwisha kuzoea jibu la pili, nami nikaona jinsi fundi anavyogeuzwa taratibu kuwa mpachikaji.

Hata watengenezaji nao wanateleza. Mwaka 2019 Seiko ilileta saa za 5 Sports zenye sura ya saa yake ya kuzamia iliyopendwa sana, SKX ya tangu miaka ya 1990. Macho hayaoni tofauti. Lakini kina kimeshuka kutoka mita 200 hadi 100, na ufunguo ule uliofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu sasa unasukumwa tu. Sura imebaki, kazi imepunguzwa. Na chini ya hizo kuna saa zisizo na idadi, zilizopakwa uzee usoni, zenye pete isiyozunguka na mfuniko usiofunguliwa na mtu yeyote. Tunauziwa kumbukumbu ya uangalifu wa wazee wetu, uangalifu wenyewe ukiwa umeachwa kiwandani.

Tumekuwa watu wa kutupa. Kiti kikivunjika mguu hatutafuti seremala, kiatu kikiachia soli hatumtafuti fundi viatu, na saa ikisimama tunasema imekufa. Mara nyingi haijafa. Imekauka mafuta tu, nasi hatuna tena mazoea ya kuuliza nani anayeweza kuifufua. Fundi hafi siku anapozikwa. Hufa kabla ya hapo, siku watu wanapoacha kumpelekea kazi, kwa sababu mkono usiofanya kazi husahau, na mkono uliosahau hauna cha kumfundisha mtoto.

Basi wewe unayesoma, ikiwa kuna saa ya baba au ya bibi imelala kabatini mwako, iamshe. Ukitaka kununua mpya, nunua ile inayofunguka, hata kama ni ya bei ndogo, na uliza kuhusu mpira kabla ya kuuliza kuhusu rangi. Mtafute fundi aliye karibu nawe angali yupo. Mpelekee na kijana akae pembeni atazame. Na mzee akikutajia bei ya kazi yake, mlipe yote, usimwombe apunguze.