"Umbali wa Kuendesha": Tahakiki ya Tafsiri Moja ya Mchezo wa Gofu

Mwalimu mmoja wa michezo wilayani Muleba alituonyesha karatasi ya mafunzo iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, yenye kichwa "Jinsi ya Kuongeza Umbali wa Kuendesha". Alidhani ameletewa habari za safari. Kwake, umbali wa kuendesha ni ule wa gari kutoka Bukoba hadi Muleba, nao hauongezeki ila barabara ipitishwe kwingine. Kumbe mada ilikuwa gofu.

Kosa hilo lina asili yake. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kuendesha gari na kwa kuupiga mpira wa gofu mbali mwanzoni mwa shimo. Mfasiri ameshika neno, akaiacha dhana. Hivyo fimbo ya kupigia mbali imegeuka kuwa "dereva", na mwendo wa mikono na kiwiliwili ukaitwa "bembea". Mwanafunzi anaagizwa amshike dereva kwa ulaini na kuongeza kasi ya bembea! Sarufi haina dosari, lakini maana haipo.

Hata jina la mchezo lahitaji uangalifu. Gofu, kwa Kiswahili cha siku zote, ni nyumba iliyobomoka. Na wakazi wa Bukoba waliyaona magofu mengi baada ya tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016. Hatusemi jina lifutwe, kwani limekwisha kuzoeleka. Yatosha kuandika "mchezo wa gofu" pale linapotajwa mara ya kwanza, na kutenga upatanisho: gofu la nyumba limeanguka, bali gofu inachezwa.

Dosari kubwa zaidi ni kwamba karatasi hiyo yatumia neno "umbali" kwa mambo mawili. Mpira hupaa kwanza, kisha hubingirika. Kupaa kwake hutegemea kasi ya kichwa cha fimbo kinapogusa mpira, kugusana katikati ya uso wa fimbo, pembe ya kuondokea, na jinsi mpira unavyojizungusha; ukijizungusha kupita kiasi, hupanda juu mno na kuanguka mapema. Hewa nayo ina sehemu yake. Ziwa Viktoria liko yapata mita 1,134 juu ya usawa wa bahari; kwa hiyo hewa ya Bukoba ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mkwaju ule ule hupaa mbali kidogo zaidi. Kurefusha fimbo nako kuna mpaka: kanuni za mchezo haziruhusu izidi inchi 48, isipokuwa ile ya kusukumia mpira shimoni. Mwalimu asiyetenganishiwa dhana hizi atapima nini, na atamsahihisha mwanafunzi wapi?

Twapendekeza basi: "mkwaju wa kuanzia" kwa pigo lenyewe, "fimbo ya kuanzia" kwa kifaa, "mpungo" kwa mwendo wa kuipunga fimbo, "mruko" kwa sehemu ya angani, na "mbingiriko" kwa sehemu ya chini. Mruko na mbingiriko kwa pamoja ndio "urefu wa mkwaju". Kichwa cha karatasi kingekuwa: "Jinsi ya Kurefusha Mkwaju wa Kuanzia".

Watakuwapo watakaosema kwamba mkwaju ni mti wa ukwaju, tena ni wa penalti. Ni kweli; lakini waandishi wa michezo wamekwisha kuhesabu mikwaju ya gofu, na msomaji hachanganyikiwi. Neno lililo kinywani mwa watu lina haki ya kutangulia.

Kosa la namna hii katika karatasi ya mchezo huleta kicheko. Likiwa katika maelezo ya dawa, au ya mashine ya kukobolea kahawa, huleta hasara. Mfasiri hana budi kuuliza kwanza kitu chenyewe hufanya nini, ndipo atafute jina lake. Walimu wa Bukoba na Muleba wayajaribu mapendekezo haya kiwanjani, na yatakayokataliwa na wanafunzi wao tuyaondoe.