Kutoka Ukutani hadi Kwenye Gogo

Shinyanga ikitajwa, watu hufikiria almasi; ikitajwa Geita, dhahabu. Mimi nawapongeza wachoraji na wachongaji wa eneo hilo la Usukuma.

Bayeye, chama cha wacheza nyoka, walichora ndani ya nyumba walimowafundia wanachama wapya: nyoka, watu na wanyama, kwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu ya udongo. Ukuta ulikuwa darasa. Mtafiti Hans Cory aliitolea kitabu michoro hiyo mwaka 1953, na tunamshukuru, kwa kuwa kuta za udongo hazidumu.

Wachongaji nao walikuwa na uwanja wao. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu viliposhindana, zilitolewa sanamu kubwa za mti, nyingine zenye mikono inayochezeshwa, ili kuuvuta umati. Fundi hakuhangaika kunakili sura ya mtu: mwili uliachwa gogo, uso ukapewa mikato michache. Ujasiri huo ndio ninaouheshimu kuliko yote. Ulaya, mchoraji Picasso na wenzake walisifiwa kwa kuufuata mfano wa wachongaji wa Afrika.

Walimu wa Geita na Shinyanga, wapelekeni watoto Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaasisi Padri David Clement. Wachore, kisha wapeni udongo wafinyange.