Bakuli Lililojaa Makapi

Kasuku mdogo wa Australia, bajerigari, hali punje pamoja na ganda lake. Huishika kwa mdomo, huizungusha kwa ulimi, huikoboa, kisha ganda huliacha lianguke palepale. Ndiyo maana bakuli lake laweza kuonekana limejaa pomoni ilhali halina hata punje moja: ndege ameinamia makapi, ana njaa, na mwenye nyumba anapita akiwa ameridhika. Mlishaji anayeijua kazi yake hupuliza kwanza. Pumzi moja tu, makapi yanaruka, kilichomo kinajulikana. Pumzi hiyo ndiyo mwanzo wa ufundi wote wa kulisha ndege, na ndiyo inayotutoka, maana siku hizi punje mpya humwagwa juu ya makapi ya juzi.

Tangu mtaalamu wa ndege John Gould alipowafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, ndege hawa wamezaliana tunduni vizazi kwa vizazi. Wenzao wa porini hufuata mvua katika nyika kavu za Australia, wakitembea chini na kudonoa mbegu za nyasi moja moja. Sisi tulichukua mbegu, tukaiacha safari yake. Hata chakula chenyewe tulikichukua nusu: mbegu kavu peke yake zina upungufu wa vitamini A na kalsiamu, na ukosefu wa iodini huwavimbisha tezi ya shingo. Mchicha, karoti, mbegu zilizochipuzwa na mfupa wa ngisi husaidia kuuponya mwili. Kuiponya siku ya ndege, ndefu na tupu, ni kazi nyingine, na hapo ndipo fundi anapoonekana: hufunga ulezi ndani ya karatasi safi, huning'iniza mchicha ukiwa bado na maji, hutawanya punje kati ya majani ili zitafutwe.

Wapo watakaosema ni ukatili kumtaka mfungwa alitolee jasho tonge lake. Hoja hiyo ina huruma, lakini ushahidi unaikataa. Mwaka 1963 mtafiti Glen Jensen aliwawekea panya chakula cha bure kando ya kingine kilichopatikana kwa kubonyeza wenzo. Wengi walibonyeza, na cha bure kipo. Njiwa na kasuku wameonyesha tabia hiyohiyo. (Paka wa nyumbani, kama ilivyotarajiwa, hakushawishika sana.) Tena mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba kasuku wachanga wa Amazoni waliopewa vitu vya kuchakura na kuparamia walijinyonyoa manyoya kidogo kuliko wenzao waliokosa. Wafugaji wengine hutegemea chembe za chakula za kiwandani zilizosawazishwa virutubisho. Ni chakula kizuri, mradi kiingizwe polepole, kwa kuwa ndege wa gramu thelathini na kitu aweza kususia asichokijua mpaka akadhoofika. Ila nacho kikimwagwa bakulini, siku inabaki tupu vilevile.

Madukani sasa kuna vyombo vinavyobeba akiba ya siku kadhaa na kushusha punje vyenyewe kadiri zinavyoliwa. Husifiwa kwamba vinampunguzia mwenye ndege usumbufu, na kweli vinampunguzia. Makapi yakiziba tundu la chini, kasuku hubaki akidonoa plastiki angavu, na nyuma yake punje zimejaa, anaziona.