Mti wa Peasi na Manowari

Manowari za Wafaransa za karne ya 18 zilijengwa kwa mwaloni, lakini fundi anayezichonga upya kwa kipimo kidogo huukwepa mwaloni. Kinachomkwaza ni mishipa yake. Kwenye mlango au meza mshipa wa mwaloni ni mstari mwembamba tu. Uuweke kwenye meli iliyopunguzwa mara 48, mstari uleule unakuwa mnene kama kamba ya nanga. Ndiyo maana huchagua mti wa peasi, ambao nyuzi zake zimebanana hata ubao ukishapigwa msasa hauonyeshi kitu. Mapambo ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, huchongwa kwa buksi, mti wa manjano ulio mgumu kiasi cha kushika ncha ya pua ya sanamu isiyozidi punje ya mtama.

Meli ninayoifikiria ni ile ya mizinga 74. Mhandisi wa meli Jacques-Noël Sané aliichora mwaka 1782, na kwa michoro yake zikaanza kujengwa meli zaidi ya 100. Mizinga 28 mikubwa sitaha ya chini, 30 sitaha ya pili, 16 midogo juu. Urefu ulikuwa karibu mita 56. Kwa kipimo cha 1 kwa 48, mwili wake unakuwa mita moja na ushee, na baharia wake hafikii sentimita nne.

Fundi wa jahazi wa Lamu angeyatambua majina yote: mkuku, fashini, mataruma, omo, tezi. Angeshangazwa na mpangilio tu. Kwake yeye, kwa desturi, mbao za ubavu hupanda kwanza, na mataruma huchongwa baadaye yalifuate umbo ambalo mbao zimekwisha kulipata. Jicho lake ndilo mchoro. Mfaransa alianza na karatasi. Mataruma yalikatwa kwa kufuata mistari iliyochorwa, yakasimamishwa juu ya mkuku kama mbavu za nyangumi, ndipo mbao zikaja. Kila taruma lilikuwa la mapande mengi yaliyopangwa safu mbili, viungo vya safu moja vikiangukia katikati ya mapande ya nyingine. Fundi wa meli ndogo hurudia yote haya, pande kwa pande.

Kisha huja kazi ambayo mimi naiona ndiyo kipimo cha fundi. Anachukua ufito mwembamba unaopindika, anaulaza juu ya mataruma kutoka omo hadi tezi, na kutazama. Panapopita mwanga chini ya ufito, taruma jirani limezidi. Anapiga msasa kidogo, anaulaza tena. Anausogeza chini upana wa kidole, anaanza upya. Hizi ni wiki nzima za vumbi, na mwisho wake hakuna kilichoongezeka. Kuna umbo tu ambalo ufito umelikubali.

Katika meli halisi mbao zilishikwa kwa misumari ya chuma na vigingi vya mti. Kigingi kilichopunguzwa mara 48 hakifikii unene wa milimita moja, na mwaloni wala peasi haukubali kuchongwa hivyo bila kuvunjika. Mwanzi unakubali. Unapasuliwa vijiti, kisha kila kijiti kinavutwa katika matundu ya bamba la chuma, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, mpaka kinatoka kama unywele wa farasi. Na kalafati, ile katani iliyotiwa lami kati ya mbao za sitaha, kwenye meli ndogo huwa ni ukingo wa karatasi nyeusi.

Mwongozo mkuu wa kazi hii ni vitabu vinne vya Jean Boudriot, msanifu majengo, vilivyotoka kati ya mwaka 1973 na 1977, ambamo meli ya mizinga 74 imefunguliwa kiungo kwa kiungo. Vilihitajika kweli, maana hakuna meli halisi ya aina hiyo iliyobaki ya kutazama. Duguay-Trouin, moja ya meli za mchoro wa Sané, ilitekwa na Waingereza mwaka 1805, ikapewa jina Implacable, ikaishi mpaka Desemba 2, 1949. Siku hiyo Waingereza waliizamisha wenyewe baharini, ikipeperusha bendera za mataifa yote mawili. Mapambo ya tezi yake yako Greenwich, Uingereza. Siwezi kulisoma tukio hilo bila uchungu: meli iliyoelea kwa karibu miaka 150 ikapelekwa chini kwa sababu matengenezo yalikuwa ghali.

Wafaransa walijua zamani kwamba meli ndogo inafundisha. Mwaka 1748 mwanasayansi Duhamel du Monceau alimpa mfalme Louis wa 15 mkusanyiko wake wa meli za mfano, ukawekwa Louvre ili wanafunzi wa uundaji meli wajifunze kwa macho. Mkusanyiko huo ndio chimbuko la makumbusho ya bahari ya Paris.

Matanga, kwa maoni yangu, heri yasiwepo. Hakuna kitambaa ambacho ufumaji wake unapungua mara 48, na tanga nene huificha kazi ya kamba. Kamba zenyewe fundi huzisokota kwa uzi: zinazoshika mlingoti ni nyeusi, kwa kuwa zilipakwa lami, zinazovutwa ni za rangi ya katani. Makapi mengine ni madogo kuliko punje ya mchele, na kila moja lina tundu lake.

Mwisho kabisa ni makunjo ya kamba yanayoning'inia kando ya sitaha. Ukipunguza urefu mara 48, uzito unapungua zaidi ya mara 110,000, kwa hiyo uzi hauning'inii. Unasimama wima kama waya. Fundi huukunja, huulowesha kwa gundi iliyozimuliwa kwa maji, huuvuta chini kwa sindano, na kuuacha ukauke mpaka kesho. Akiondoa sindano, kamba inalala chini kwa uzito ambao haina. Kisha anakunja ya pili.